Gari la Zawadi Linapovuka Mpaka wa Jimbo

Mhadhara uliotolewa mbele ya jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Houston, Texas, mwaka 2025

  

Nimeombwa nizungumzie jambo moja. Mtu aliyeko jimbo moja la Marekani akimpa gari ndugu yake aliyeko jimbo jingine, umiliki unahamaje? Kusudi langu ni kila aliyemo humu atoke akijua ni zawadi gani sheria inaitambua, karatasi zipi zinatakiwa, na saini iwekwe wapi na mbele ya nani. Nina hoja tano. Ya pili na ya tatu nitazichambua kwa kirefu, maana huko ndiko watu wetu wanakoumia.

Nianze kwa kusema kwa nini jambo hili si dogo. Mji huu ni mpana, na kazi nyingi za mgeni ni za ghala na za zamu ya usiku, mahali na saa ambazo basi halifiki. Familia iliyotoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma ikishapata nyumba, swali linalofuata ni gari. Mara nyingi jibu hutoka kwa jamaa waliotangulia: baba mdogo wa Ohio amenunua jingine, la zamani bado zima, anasema njooni mlichukue. Huu ni utu wetu na ninautukuza. Lakini gari lililotolewa kwa funguo tu, karatasi zikabaki nyuma, halijatolewa. Bado ni la baba mdogo, na kila litakalotokea barabarani litamtafuta yeye.

Hoja ya kwanza: kila jimbo lina masjala yake

Tuliotoka Tanzania Bara tumezoea kuona magari yote yakiandikwa na TRA. Waliotoka Kenya wamezoea NTSA. Ndugu zetu wa Zanzibar ndio wataielewa Marekani haraka zaidi, kwa sababu wanajua tofauti ya gari lenye namba ya Z na lile la Bara: nchi moja, masjala mbili. Hapa masjala ni hamsini, na ile ya Washington D.C. juu yake.

Historia inaeleza kwa nini. Jimbo la New York lilianza kuandikisha magari mwaka 1901, na namba ya wakati ule ilikuwa herufi za mwanzo za jina la mwenye gari, alizozitengeneza mwenyewe. Mwaka 1903 Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kutoa namba zake. Kazi hiyo ilianzia majimboni na haijaondoka huko. Ndiyo maana California utakwenda DMV, yaani idara ya magari, na Illinois utakwenda ofisi ya Katibu wa Jimbo. Ohio hati ya umiliki inatoka kwa karani wa mahakama ya kaunti, ilhali namba zinatoka BMV, ofisi ya magari ya jimbo. Hapa Texas utasimama kwenye dirisha la ofisi ya kodi ya kaunti yako.

Tena, hapa karatasi ni mbili. Kuna usajili, unaoruhusu gari kutembea barabarani, na kuna hati ya umiliki, hiyo tunayoiita taito. Mtu anaweza kulipia usajili miaka mitano mfululizo na gari lisiwe lake. Taito ndiyo inayosema gari ni la nani.

Kanuni ya kuishika ni hii: gari hutolewa kwa taratibu za jimbo lililoandika taito, na hupokelewa kwa taratibu za jimbo ambako mpokeaji ataliandikisha. Saini ya mtoaji itafuata masharti ya Ohio ikiwa taito ni ya Ohio. Kodi, ukaguzi na bima vitafuata masharti ya Texas ikiwa mpokeaji anaishi Texas. Mabishano mengi ya kwenye simu kati ya jamaa wawili hutokea kwa sababu kila mmoja anaeleza sheria ya kwake, na wote wawili wanasema kweli.

Hoja ya pili: orodha ya ndugu wanaokubalika

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mnaotarajia gari kutoka kwa mjomba au shangazi.

Gari likiuzwa Texas kati ya watu binafsi, kodi ni asilimia 6.25. Likitolewa zawadi kati ya ndugu waliotajwa na sheria, kodi hiyo haitozwi. Mpokeaji analipa kodi ya zawadi ya dola 10 tu. Waliomo kwenye orodha ni mume na mke, mzazi na mtoto wakiwemo wa kambo, babu, bibi na wajukuu, ndugu wa kuzaliwa, pamoja na mlezi anayetambulika kisheria. Mirathi ya marehemu nayo imo.

Baba mdogo hayumo. Mjomba hayumo. Shangazi, mama mkubwa, binamu, wote hawamo.

Najua hili linawagusa. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Nimemlipia ada, nimesimama kwenye posa yake, na hakuna atakayeniuliza uhusiano wetu ni upi. Karani wa kaunti haukanushi uhusiano huo. Yeye ana fomu yenye orodha, na orodha imeandikwa na bunge la jimbo. Gari la kutoka kwa baba mdogo litahesabiwa kodi kama limeuzwa, hata kama hakupokea senti. Hesabu yake hutumia thamani ya soko inayotambuliwa na jimbo, na kiwango cha chini cha kutozwa kodi ni asilimia 80 ya thamani hiyo. Gari likithaminiwa dola 10,000, kodi inapigwa juu ya dola 8,000, nayo ni dola 500. Gari hilohilo kutoka kwa baba mzazi ni dola 10.

Tofauti ya dola 490 ndiyo inayowashawishi watu wajaze uongo. Hati ya kiapo ya zawadi, fomu namba 14-317, inamtaka mtoaji na mpokeaji wote wawili watie saini na kutaja uhusiano wao. Baba mdogo akijiandika baba, ametoa kiapo cha uongo, na kiapo cha uongo ni jinai. Kwa mtu ambaye uhamiaji wake bado haujakamilika, jinai ya udanganyifu inaweza kumharibia maisha. Nawasihi, tena nawasihi kama ndugu yenu: lipeni dola 500. Changishaneni mkilazimika. Kuna kina mama wa vikoba humu ndani. Fedha kama hiyo haiwashindi.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Wengi wetu tunalea watoto wa marehemu ndugu zetu bila karatasi ya mahakama. Wamekua mikononi mwetu na wanatuita baba na mama. Kijana kama huyo akifika umri wa kuendesha, zawadi ya gari itakwama kwenye orodha ileile, isipokuwa ulezi au uasilishaji wake ulipitia mahakamani. Nalitaja hapa kwa sababu ya gari, lakini mnajua linahusu pia shule, hospitali na urithi. Wenye watoto wa namna hiyo waonane na wakili wakati watoto bado ni wadogo.

Majimbo mengine yana orodha zao. Illinois inatoza dola 15 zawadi au mauzo yanapokuwa kati ya mume na mke, mzazi na mtoto, au kaka na dada. California inauliza swali tofauti: je, kuna chochote kilichotolewa badala ya gari? Ikiwa hakuna fedha, hakuna deni lililohamishwa, wala hakuna kubadilishana, hiyo ni zawadi na kodi ya matumizi haitozwi, hata mtoaji akiwa rafiki tu. Oregon, Montana na New Hampshire hazina kodi ya mauzo kabisa. Lakini angalieni: jimbo linalohesabiwa ni la mpokeaji. Mjomba wa Oregon hawezi kukuletea Texas msamaha wa kodi wa Oregon.

Kabla sijaiacha hoja hii, niseme neno juu ya dola moja. Watu wanapenda kuandika kwamba gari limeuzwa kwa dola moja, wakidhani ni njia salama ya kuonyesha zawadi. Kwa Texas hiyo dola moja ni bei. Ukishaandika bei umeuza, na ukishauza, unarudi kwenye asilimia 80 ya thamani ya soko. Hata baba mzazi anaweza kumkosesha mwanawe nafuu ya dola 10 kwa kuandika dola moja. Ikiwa ni zawadi, andika zawadi. Mpokeaji akikubali kumalizia mkopo wa gari, nayo si zawadi tena, kwa sababu deni lina thamani.

Hoja ya tatu: saini, majina na maili

Tuchukue mama anayeishi Columbus, Ohio, anayetaka kumpa gari binti yake wa hapa Houston. Mama yumo kwenye orodha. Taito anayo. Afanye nini?

Asitie saini nyumbani. Ohio inataka saini ya mtoaji kwenye taito iwekwe mbele ya notari au mbele ya afisa wa ofisi ya karani. Pennsylvania na North Carolina zina sharti kama hilo. Taito iliyosainiwa jikoni kwa nia njema kisha ikatumwa kwa posta itarudishwa, na mara nyingi itabidi kuomba taito mpya kabla ya kuanza upya.

Kabla ya kutia saini, nafasi zote zijazwe: jina la mpokeaji, anwani, tarehe, maili. Taito iliyosainiwa na kuachwa bila jina la mpokeaji ni hatari kubwa, kwa sababu anayeiokota anaweza kujiandika. Jina likikosewa, msikate kwa kalamu na msipake rangi nyeupe. Taito yenye maandishi yaliyofutwa hukataliwa.

Sasa majina. Hapa watu wetu wana shida ambayo Mmarekani wa kawaida haijui. Kitambulisho kimoja kina majina matatu, kingine mawili. Jina la babu limekuwa la ukoo kwenye karatasi za uhamiaji, na jina la baba limegeuzwa la kati. Mohamed ana m moja huku na mbili kule. Mwanamke aliandika taito kwa jina la kwao, kisha leseni ikatoka kwa jina la mume. Karani analinganisha herufi kwa herufi. Kabla ya kwenda kwa notari, wekeni taito na leseni ya mtoaji mezani, kisha leseni ya mpokeaji kando yake, msome kwa sauti. Kukiwa na tofauti, ulizeni ofisi inataka hati gani ya kuthibitisha kuwa majina mawili ni ya mtu mmoja: cheti cha ndoa, amri ya mahakama, au hati ya kiapo.

Magari mengi yameandikwa majina mawili, la mume na la mke. Tazameni neno lililo katikati. Likiwa la kujumlisha, yaani "and", wote wawili watie saini. Likiwa la kuchagua, yaani "or", kwenye majimbo mengi saini ya mmoja inatosha. Mume akiwa amesafiri kwenda Bujumbura kwa miezi mitatu, neno hilo moja ndilo litakaloamua kama gari litaondoka mwezi huu. Mkihitaji hati ya uwakilishi, iandikwe kwa fomu inayokubalika katika jimbo lenye taito. Aliyeko ng'ambo anaweza kuapishwa kwenye ubalozi wa Marekani.

Maili nazo zina sheria ya shirikisho, tangu mwaka 1972, iliyowekwa kuzuia watu kurudisha odomita nyuma. Zamani gari likifikisha miaka kumi lilisamehewa. Tangu Januari 2021, magari ya muundo wa mwaka 2011 na kuendelea yanatakiwa kuandikiwa maili kwa miaka 20. Zawadi haisamehewi kwa kuwa zawadi. Mtoaji aandike maili kamili, mpokeaji athibitishe, na kwa kawaida mtu mmoja haruhusiwi kusaini pande zote mbili. Kijana anayesema "mama, nitakujazia mwenyewe" anavunja sheria ya nchi nzima.

Likiwepo deni la benki, simameni hapo kwanza. Jina la benki liko kwenye taito, na haki yake inatangulia ya mama. Deni limalizwe, benki itoe hati ya kuachia gari, ndipo zawadi ianze.

Mama akishamaliza upande wake, binti anaingia ofisi ya kodi ya kaunti ya Harris akiwa na taito iliyosainiwa, fomu ya maombi namba 130-U yenye saini zote mbili, hati ya kiapo ya zawadi, kitambulisho na bima ya Texas. Bima ya chini kabisa hapa ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Ukaguzi wa usalama kwa magari ya binafsi uliondolewa Januari 2025, lakini kipimo cha moshi bado kipo kwenye baadhi ya kaunti, Harris na Fort Bend zikiwemo. Ada ya taito kwa Harris ni dola 33. Muda ni siku 30 tangu zawadi ilipotolewa, na ukipita kuna faini ya kuchelewa inayopanda mwezi hadi mwezi. Tena, ile hati ya kiapo haipelekwi na rafiki wala na wakala. Mtoaji au mpokeaji mmoja wao aende mwenyewe.

Hoja ya nne: mtoaji ajitoe kabisa

Katika mazungumzo yetu tunamfikiria sana mpokeaji. Mtoaji tunamsahau, na mara nyingi mtoaji ni mzee.

New York ina sheria inayomwajibisha mwenye gari kwa uzembe wa mtu yeyote aliyeliendesha kwa ruhusa yake. Hata pasipo sheria kama hiyo, bili za barabara za kulipia hufuata namba, na barua za mahakama humwendea aliyeandikwa. Kwa hiyo mtoaji atoe taarifa kwa jimbo lake kwamba gari si lake tena. California inampa siku 5. Texas siku 30. Namba pia zina sheria zake: California hubaki na gari, Ohio na New York hubaki na mwenyewe. Wa New York arudishe namba kabla ya kukata bima, la sivyo leseni yake inaweza kusimamishwa.

Tarehe ya kukata bima ipangwe vizuri. Siku umiliki unapohama, bima ya mama inapoteza msingi, kwa sababu inalinda gari ambalo si lake. Binti akilichukua Columbus na kuliendesha zaidi ya maili elfu moja kuja Houston, bima yake iwe imeanza kabla hajawasha injini, na awe na kibali cha safari ikiwa namba zimebaki Ohio.

Wapo wazee wetu wanaopokea SSI, posho ya shirikisho kwa wenye kipato kidogo. Mpango huo hauhesabu gari moja la nyumbani, lakini la pili huhesabiwa kuwa mali, na kiwango cha mali kwa mtu mmoja ni dola 2,000. Bibi aliyempa mjukuu gari miaka miwili iliyopita bila kuhamisha taito, kisha akanunuliwa jingine na wanawe, ana magari mawili kwenye kumbukumbu za serikali. Posho yake inaweza kusimama kwa ajili ya gari asiloliona. Tafadhali, vijana mlioko humu mnaoendesha magari yenye majina ya bibi zenu, kashughulikieni taito hizo.

Hoja ya tano: kodi ya zawadi ya shirikisho

Hii itakuwa fupi, kwa kuwa hofu yake ni kubwa kuliko ukweli wake. Kwa mwaka 2025 mtu aliweza kumpa mtu mwingine mali ya hadi dola 19,000 bila kujaza fomu yoyote ya kodi ya zawadi. Ikizidi hapo, mtoaji anajaza fomu 709, na karibu kila mara halipi chochote, kwa sababu ziada inapunguzwa kwenye kiwango chake cha msamaha wa maisha yote, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 13.99. Mpokeaji hahesabiwi kuwa amepata kipato. Magari tunayopeana mengi hayafiki nusu ya 19,000.

Ndugu zangu, nina mapendekezo mawili kwa kamati ya jumuiya, na ningependa yajadiliwe kabla ya mkutano wa mwisho wa mwaka.

Kwanza, tupate manotari wetu. Texas humpa notari kibali cha miaka 4, na miongoni mwa masharti ni mtu awe na miaka 18, awe mkazi wa jimbo, na aweke dhamana ya dola 10,000, ambayo hununuliwa kwa ada ndogo. Vijana wetu wawili au watatu wanaojua Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa wangeokoa familia nyingi. Wafundishwe pia mipaka ya kazi yao: notari anashuhudia saini, hatoi ushauri wa sheria, wala hashuhudii karatasi ambayo yeye mwenyewe ni mhusika wake.

Pili, jumuiya iandae kurasa chache za Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila jimbo wanakoishi jamaa zetu kwa wingi, zenye jina la ofisi, orodha ya ndugu wanaokubalika, sharti la notari na siku za mwisho. Zihakikiwe upya kila Januari, kwa kuwa ada na sheria hubadilika, na baadhi ya majimbo yameanza kuhamisha taito kwa njia ya mtandao bila karatasi kabisa. Niko tayari kuandika za Texas, Ohio na Illinois. Natafuta wa kuniandikia za Minnesota na Arizona. Anayekubali anione baada ya maswali.

Na kwa wale waliokuja na taito zao mkobani leo, meza ile ya kulia iko wazi. Tutazisoma pamoja, moja baada ya nyingine, mpaka ukumbi ufungwe.